Mkwe Aliyetoka Kazini Mara Mbili

Katika kiwanda chetu cha kushona sare hakuna mtu anayeielewa kompyuta ya mlangoni kama mimi. Naandika hili kwa wino na mkono hautetemeki. Tena, kwa kuwa ni vizuri kusema yote, niongeze kwamba siku ya kwanza ilipoletwa niliweka kidole changu kwenye swichi ya taa, nikasimama pale nikisubiri iniambie asante. Watu kumi na wanane walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Wote walinyamaza kimya, waone nitasubiri mpaka lini.

Mashine yenyewe ni kioo kidogo cha ukubwa wa kiberiti, kimebandikwa ukutani karibu na mlango. Unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, inasema "Asante," basi. Haikwambii ni saa ngapi. Kutoka kwenye kioo kuna waya unaoingia chini ya meza ya mapokezi, na huko chini kuna kisanduku cheusi kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hicho ndicho kompyuta. Zamani tulikuwa tunasaini daftari, na daftari lilikuwa na huruma. Ukichelewa, unabana mwandiko, unajipenyeza kati ya wawili waliowahi.

Mimi kazi yangu ni matundu ya vifungo na kukata nyuzi zinazoning'inia. Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, anashona kola. Mwanangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilikuwa na pingamizi moja tu juu yake: anaamka mapema mno. Mtu akiamka kabla ya jua akafagia uwanja, wengine wote mnaonekana wagonjwa. Lakini mwanangu alisikia la moyo wake, na leo ana mguu kwenye plasta tangu aanguke kwenye ngazi ya kazini kwao, na anayeendesha nyumba ni huyo huyo mwamka mapema. Ana watoto wawili, na mume asiyeweza hata kujichotea maji ya kunywa, au ndivyo anavyodai.

Kazi yetu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Mkwe wangu anafika saa moja kasoro dakika ishirini, kila siku, kwa sababu ya cherehani ya dirishani. Ni moja tu katika kiwanda kizima isiyoruka mishono, na anayeikalia ni aliyefika kwanza. Mimi nafika saa moja na dakika ishirini na tano, mashine za kugombea zikiwa zimeisha. Matundu ya vifungo hayagombewi na mtu.

Sasa, Jumanne moja mchana, namwona mkwe wangu ameinamia kola moja muda mrefu kuliko kola inavyostahili. Nikamsogelea.

"Vipi, mwanangu?"

Akanipa karatasi. Barua ya onyo, ya pili. Anachelewa kazini, inasema. Siku kumi na tisa katika mwezi ameingia saa saba mchana. Ijumaa saa nne afike kwa meneja aeleze kwa nini asiachishwe kazi, na barua ya tatu itakuwa mezani ikisubiri saini.

"Saa saba?" nikasema. "Saa saba si ndio tunakula?"

"Ndio hivyo, mama."

"Na hizo kola za asubuhi wanadhani zinashonwa na nani? Majini?"

Nikaenda kwa msimamizi wetu, ambaye si mtu mbaya, ila ana uti wa mgongo wa mpira. Nikamuuliza kama hajamwona mkwe wangu asubuhi.

"Namwona, mama yangu. Namwona kila siku. Tena mimi nikifika, yeye tayari ana kola kumi."

"Basi si useme kwa meneja!"

Akaangalia juu, ilipo ofisi, akashusha sauti. "Nikisema yupo na karatasi inasema hayupo, mimi ndiye nitakayekuwa sipo."

"Basi mwambie ampandishe cheo. Mtu anayeingia saa saba akamaliza mashati arobaini siku hiyo hiyo!"

Akacheka, kisha akakumbuka yuko wapi, akaacha kucheka.

Jioni nyumbani nikavaa miwani yangu, nikaketi na ile karatasi ya mahudhurio iliyobanwa nyuma ya barua. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini darasa la saba letu lilikuwa na hesabu, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo. Nikasoma mstari kwa mstari. Jumatatu: ameingia saa saba mchana. Amerudi kutoka kula saa saba na nusu. Ametoka saa kumi na moja na nusu jioni. Ametoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena.

"Wewe," nikamwita. "Wewe huwa unatoka kazini mara mbili?"

"Mara mbili vipi, mama?"

"Hapa umetoka saa kumi na moja na nusu. Halafu dakika kumi na nane baadaye umetoka tena. Bila kuingia."

Mwanangu akainua kichwa kwenye kiti chake. "Anatoka na nani hiyo mara ya pili?"

"Anatoka na mimi, mpumbavu wewe. Saa hiyo tupo barabarani, nalalamikia magoti na yeye ananibebea mfuko."

Nikaangalia siku nyingine. Kila jioni ilikuwa hivyo. Mara kasoro dakika kumi na mbili, mara kasoro kumi na moja, kila siku palepale, haipungui wala haizidi kwa dakika tatu. Na asubuhi zote zilikuwa wazi, kana kwamba hakuna asubuhi katika maisha yake. Mtu hawezi kutoka mara mbili. Ila kidole chake kimewekwa mara nne kila siku, na vidole vyote vinne vimo kwenye karatasi. Hakuna kilichopotea. Kimoja kimeandikwa pasipo pake tu.

Asubuhi yake niliomba ruhusa ya kwenda kutazamwa magoti, nikaenda kwa Kijiko.

Kijiko ni mtoto wa marehemu dada yangu, na ndiye aliyetufungia ile kompyuta. Sasa ni mtu mzima, ana kitambi na kibanda cha kutengeneza kompyuta, na wateja wanamwita Fundi. Sisi tunamwita Kijiko kwa sababu utotoni alifungua kila kitu kwa kijiko: redio, saa ya ukutani, mara moja kobe wa jirani, ingawa kobe alishinda.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mashine yako inasema uongo."

"Mashine haisemi uongo, mama mdogo. Mashine inaandika inachoona."

"Basi imeona mkwe wangu akitoka mara mbili." Nikamwekea karatasi mezani.

Akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena ameketi. Nikajua tuna jambo.

"Hapo kiwandani umeme mnauzima jioni?" akauliza.

"Meneja ameagiza. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi mlinzi anashusha swichi kubwa, asubuhi anaipandisha."

Akajikuna kichwa. Akaanza kunieleza, na mimi nikamsimamisha kila aliponikimbia, mpaka ikaja hivi. Kompyuta za watu wenye nazo zina betri ndogo ndani, bapa kama kifungo cha koti, na hiyo betri inashika saa hata umeme ukizimwa. Kisanduku chetu hakina. Kwa hiyo kila robo saa kinajiandikia pembeni saa ilipofika. Umeme ukikatika, kinalala. Ukirudi, kinasoma ile saa ya mwisho kilichoandika, kinaendelea kutoka hapo.

"Kwa hiyo asubuhi kinaamka kikidhani bado ni jana jioni," nikasema.

"Ndiyo. Kwa muda kidogo tu. Halafu kinauliza saa ya kweli kwenye mtandao, kinajirekebisha."

"Kama mjomba wako. Analala mchana, akiamka magharibi anatusalimia habari za asubuhi, mpaka mtu amwonyeshe dirisha."

"Ndio huyo huyo," akasema Kijiko. "Ila mjomba anaonyeshwa dirisha kabla hajafanya kitu. Hapa ndipo…"

"Hapa ndipo nini?"

Akageuza kompyuta yake nione. Skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Alisema huo ndio mfumo wenyewe, unaitwa Linux, na ndani yake kila kazi ina hati fupi ya maagizo, na kila hati ina namba. Kisanduku kikiamka kinazifuata hati kwa namba zake, ndogo kwanza. Akanionyesha nakala aliyobaki nayo ya zile za kiwandani. Mimi tarakimu nazisoma. Mahudhurio ya vidole, namba kumi. Mtandao, namba thelathini. Kurekebisha saa, namba hamsini.

"Kijiko."

"Naam, mama mdogo."

"Kola inashonwa kabla ya bega?"

"Hapana."

"Tundu la kifungo linatobolewa kabla kitambaa hakijakatwa?"

"Hapana, mama mdogo."

"Sasa nani ameipa mahudhurio namba kumi?"

Akatazama nje, kana kwamba jibu lingepita barabarani. "Meneja wenu hakutaka foleni. Alisema umeme ukiwaka tu, vidole vianze kupokewa, hata sekunde moja isipotee. Nikaitanguliza. Na ile hati ya saa ikiuliza mara ya kwanza, kisanduku kingine, kile cha mtandao, kinakuwa bado hakijaamka, haijibiwi. Inauliza tena baada ya robo saa."

Basi nikalielewa lote, mimi mwanamke wa matundu ya vifungo. Mkwe wangu anaweka kidole umeme ukiwa umewaka dakika tatu, nne. Mashine inaandika: jana jioni. Robo saa baadaye inajua ni leo. Wanaofika saa moja wanaandikwa vizuri. Mimi wa dakika ya mwisho naandikwa vizuri kuliko wote. Kisha saa saba mchana mkwe wangu anaweka kidole akienda kula, na kwa kuwa ni kidole chake cha kwanza cha siku, mashine inasema, haya, huyu ndio anaingia. Kiwanda kizima, anayeadhibiwa kwa kuchelewa ni aliyewahi kupita wote.

"Kubadilisha namba ni kazi ya dakika tano," Kijiko akasema. "Nitapita leo nibadilishe. Wala hakuna haja ya kumsumbua meneja."

Nikamtazama. Huyu ni mtoto niliyemwogesha.

"Ukibadilisha leo, Ijumaa meneja atakuta mashine nzima, ina afya, na mkwe wangu ana barua. Usiguse. Uje Ijumaa saa nne useme mbele yake ulivyonieleza."

"Mama mdogo, nitapoteza kazi ya pale."

"Na yeye akipoteza yake, tutakula kwako. Watoto wawili, mume mwenye plasta, na mimi. Mimi nakula mara nne."

Ijumaa alikuja. Alivaa shati la mikono mirefu, ndipo nilipojua ana hofu.

Ofisi ya meneja ni ndogo, ina feni na kabati la mafaili. Tulikuwa watu sita: meneja mezani, msimamizi amejibana mlangoni, mkwe wangu kwenye kiti, Kijiko na laptopu yake, mimi ambaye sikualikwa, na baadaye mlinzi. Barua ya tatu ilikuwa mezani kweli, imechapwa, inangoja kalamu.

Kijiko alieleza vizuri, nampa haki yake. Alisema namba kumi, namba hamsini, alisema kosa ni lake. Meneja alisikiliza huku akigongagonga kalamu.

"Fundi, nimekuelewa. Hiyo robo saa ya kuchanganyikiwa inaanza lini?"

"Umeme unapowashwa."

"Na mimi nimeagiza umeme uwashwe saa ngapi?"

Msimamizi akajibu kutoka mlangoni, "Saa kumi na mbili kamili asubuhi, bosi."

"Saa kumi na mbili kamili. Kwa hiyo saa kumi na mbili na robo, au na dakika kumi na tano na ushee, mashine yako inajua saa. Huyu mama anasema anafika saa moja kasoro ishirini. Mashine iko sawa zamani. Kidole chake kingeandikwa. Sivyo?"

Kijiko akanitazama. "Kama uliwashwa saa kumi na mbili, ndiyo. Ingekuwa sawa."

Nilihisi magoti yangu, na safari hii yaliuma kweli.

"Lakini mimi nagonga geti ndio linafunguliwa," mkwe wangu akasema. "Kila siku nagonga."

"Geti ni jambo jingine," meneja akasema. "Mwiteni Kamanda."

Kamanda ndiye mlinzi wetu. Hakuwahi kuwa jeshini, ila ana kofia, na kofia ikikaa sana kichwani inashuka mpaka kwenye ubongo. Aliingia, akapiga saluti, feni ikataka kuichukua kofia akaishika.

"Kamanda, asubuhi swichi kubwa unaiwasha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili, bosi!"

"Kila siku?"

"Kila siku. Redio inapoanza taarifa ya habari, mkono wangu uko kwenye swichi. Sijawahi kupitisha hata dakika."

"Na leo?"

"Leo ndio kabisa. Nimewasha, halafu nimesimama pale pale kwenye swichi, wima, mpaka huyu mama alipogonga. Geti nafunga kwa usalama tu."

"Umesimama dakika arobaini?" nikauliza.

"Mimi ni mlinzi, mama. Kusimama ndio kazi."

Meneja akafungua kifuniko cha kalamu. Mkwe wangu hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake, na vidole vilikuwa vinasogea kidogo kidogo, kama vinapitisha kitambaa chini ya sindano. Hapo nikaona kwamba meneja akisaini, Jumatatu kuna mtu mwingine atakaa kwenye ile cherehani ya dirishani, na wala hatakuwa mtu wa kuwahi.

"Kijiko," nikasema.

"Mama, tafadhali," meneja akasema.

"Ninaongea na mtoto wangu, bosi, sichukui muda. Kijiko, hicho kisanduku kikiamka hakijui ni saa ngapi. Sawa. Mtoto mchanga naye hajui. Lakini ukimwangalia mtoto unajua ameamka muda gani. Hicho chako hakijui kimekaa macho kwa muda gani?"

Kijiko akaivuta laptopu yake karibu.

"Kinajua," akasema polepole. "Kinahesabu tangu kilipopata umeme. Hiyo hesabu haihusiani na saa kabisa. Hata saa ikiwa ya uongo, ikirekebishwa isirekebishwe, yenyewe inahesabu tu."

"Basi kiulize."

Akafungua laptopu, akaunganisha na mtandao wa ofisi, skrini nyeusi ikatokea. Akaandika neno moja fupi, akabonyeza. Msimamizi akasahau kuogopa, akaacha mlango, akaja kuinama nyuma yake. Hata Kamanda alirefusha shingo, maskini, alikuwa hajajua tunatafuta nini.

"Kimekaa macho saa tatu na dakika kumi na tisa," Kijiko akasoma.

Meneja akatazama saa ya mkononi mwake. "Sasa hivi ni saa nne kamili." Akatafuta karatasi ya kuandikia. Iliyokuwa karibu ni ile barua ya tatu. Akaigeuza, akaandika nyuma yake, nne, kisha chini yake tatu na kumi na tisa, akapiga mstari, akatoa. Msimamizi alikuwa anatoa naye kwa vidole. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, ila nikawaacha wafurahie.

"Saa moja kasoro dakika kumi na tisa," meneja akasema.

Mkwe wangu akainua macho kutoka kwenye mikono yake. Meneja akaifunga kalamu bila kusaini, akaikunja ile barua mara mbili, hesabu ikiwa juu, akamwonyesha Kamanda.

"Kamanda, umeme umewaka saa moja kasoro dakika kumi na tisa. Huyu mama anagonga saa moja kasoro ishirini. Dakika moja kabla."

"Bosi, kompyuta hizi…"

"Saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

Kamanda akavua kofia, akaitazama ndani, kama jibu limeshonewa kwenye bitana.

"Nilikuwa nakagua ukuta wa nyuma, bosi. Leo nilisikia kitu kule. Nikakagua wote, kona kwa kona."

"Dakika arobaini?"

"Ni ukuta mrefu, bosi."

"Ndiyo, ni mrefu," nikamuunga mkono, kwa sauti ya upole kabisa. "Pole na kazi, Kamanda. Na muda wote huo wa kukagua ukuta wa nyuma, ulikuwa umesimama pale pale kwenye swichi, wima?"

Kamanda akatazama meneja, akatazama feni, akavaa kofia nyuma mbele.